Keekee ya Trekta Kwenye Ardhi Korofi: Mashimo ya Nguzo Kuanzia Mtwapa hadi Magarini

Shamba la ekari moja lenye pande nne sawa lina mzunguko wa mita 254 hivi. Ukisimika nguzo moja kila baada ya mita 3 unahitaji mashimo 85, kila moja likizidi kimo cha goti. Aliyewahi kuyachimba kwa mtaimbo na kopo la kutolea udongo, jua la Februari likimpiga utosini, haulizwi kwa nini siku hizi anatafuta trekta.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Mafundi wa mbao wana keekee ya kutobolea ubao. Hii ni keekee hiyohiyo iliyokuzwa: parafujo ya chuma yenye upana wa inchi 6, 9 au 12, inayoning'inia kwenye boriti ya chuma nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta, kupitia giaboksi. Madereva wengi huiita oga. Mimi nitaiita keekee, maana neno tunalo tayari. Udongo ukiwa mzuri, hutoboa shimo la sentimita 75 kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo mwenye shamba anapodanganyika, akadhani kwamba mashimo 85 ni kazi ya asubuhi moja popote pale.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapolipa ni hili: keekee ya trekta haisukumwi. Mikono ya haidroliki iliyo nyuma ya trekta la kawaida hunyanyua, haikandamizi. Inaposhuka inauachia tu mzigo uende chini kwa uzito wake. Kinachoiingiza keekee ardhini ni uzito wa chuma chake na ule mshazari wa meno yake unaojivuta kadiri unavyozunguka. Trekta liwe na nguvu farasi 50 au 90, nguvu hiyo huzungusha tu. Ardhi ikikataa kutobolewa, injini kubwa haiibembelezi, bali huvunja mashine. Karibu kila hasara niliyoiona kwenye kazi hii, na karibu kila hatari, ilianza pale mtu alipotaka kuilazimisha keekee ifanye kazi ambayo haikuumbiwa.

Kwa hiyo tuanze na ardhi, si na trekta.

Ardhi ya Kaunti ya Kilifi si moja

Ukitoka baharini kuelekea bara, ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari unakanyaga ardhi za aina tano au sita. Ya kwanza ni mwamba wa matumbawe ya kale, uliojengwa wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Umetandaa kuanzia Mtwapa, Vipingo, Takaungu, Kilifi na Watamu hadi Malindi. Ndio mawe tunayoyakata kwenye matimbo na kujengea nyumba. Juu yake pana udongo mwekundu wa kahawia, mahali pengine shubiri moja, mahali pengine mita nzima, na macho hayawezi kukuambia ni wapi. Mwamba huu umeliwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka, ukabaki na mashimo, mifuko na pembe kali. Nguzo ya kwanza inaweza kuingia kama kisu kwenye papai, na ya pili, hatua nne kutoka hapo, isiingie hata kidole.

Ukivuka mto Sabaki kwenda Mambrui na Ngomeni unakuta vilima vya mchanga mtupu. Nyuma ya ukanda wa mwamba kuna mchanga mwekundu ambao wanajiolojia wameupa jina la Magarini. Huo ukikauka hushikana kama tofali, na ukilowa hulainika vizuri. Ndani ya Arabuko-Sokoke na mashamba yanayopakana na msitu huo kuna mchanga mweupe uliolegea, ule unaoota miti ya mirihi. Nyuma ya hori za Mtwapa na Kilifi kuna udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Kandokando ya Sabaki, Kakoneni na Jilore, ni udongo wa mafuriko, wenye kina na laini, mara nyingine wenye tope chini yake. Na ukipanda kwenda Rabai, Kaloleni, Ganze hadi Bamba, ni mawe ya mchanga na changarawe.

Kabla ya kumpigia dereva simu, tafuta nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2, uichonge ncha, ubebe na nyundo. Pita kwenye mstari wa ua wako, na kila mahali palipokusudiwa nguzo, igonge nondo ardhini. Sauti itakuambia. Udongo hunyamaza, changarawe hukwaruza, na mwamba hulia huku nondo ikirudi mkononi. Ikigonga, isogeze upana wa kiganja ujaribu tena, maana inaweza kuwa jiwe la pekee lililozikwa. Bara, jaribu pembe zote na nguzo moja katika kila tatu. Kwenye ukanda wa mwamba, jaribu zote 85. Funga kitambaa chekundu kwenye kigingi cha kila mahali ambapo nondo haikufika sentimita 60. Watu wawili wataimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na siku hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote katika kazi nzima.

Najua thamani yake kwa sababu niliwahi kuiruka. Ilikuwa shamba la familia, si mbali na barabara kuu ya Malindi, na udongo wa juu ulikuwa unapendeza kwa macho. Tulianza saa mbili asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekata bolti sita na kupata mashimo kumi na moja. Dereva alikuwa mpole, lakini saa zake tulizilipa zote.

Mwamba

Kwenye mwamba mzima wa matumbawe keekee haina kazi. Yapo meno maalumu yenye ncha ya kabidi, na yanasaidia sana kwenye changarawe, kwenye jiwe la mchanga lililoanza kuoza, na kwenye vipande vya matumbawe vilivyochanganyika na udongo. Lakini bamba zima la mwamba yanalikwaruza tu. Dalili ziko wazi: keekee inaanza kurukaruka, unga mweupe unapanda, na mlio unabadilika kutoka mkwaruzo kuwa ukelele. Ukihesabu hadi kumi na haijashuka, inyanyue. Ukiiacha iendelee, ncha inapata moto, na chuma kilichopata moto hupoteza ugumu wake. Baada ya hapo hata udongo wa kawaida kitaushindwa.

Unafanya nini basi? Kwanza, sogeza shimo. Seng'enge haijali kama nafasi kati ya nguzo ni mita 2.5 hapa na 3.5 pale. Linalojali ni jicho la mwenye shamba. Vitambaa vyako vyekundu vitakuonyesha wapi pa kukwepea, na mara nyingi nusu ya mashimo magumu yanaokolewa kwa kusogezwa hatua moja tu. Nguzo za pembe na za lango hazisogezwi, maana ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya. Hizo zinataka mtaimbo, tindo na nyundo nzito. Iache keekee itoe udongo hadi juu ya mwamba, iondoe njiani, kisha mtu aendelee kwa mkono. Mara nyingi gamba la juu ndilo gumu zaidi, na ukishalivunja, ndani pana matundu na kazi inakuwa nyepesi kidogo.

Mahali ambapo hata tindo linashindwa, kuna njia nyingine mbili ambazo naziona bora kuliko kupigana. Moja ni kukodi drili ya mawe, utoboe tundu jembamba la kutosha nondo mbili au bomba la chuma, uzishike kwa saruji, halafu uijenge nguzo juu yake kwa zege. Nyingine ni kuacha nguzo kabisa kwenye kipande hicho na kujenga mhimili wa mawe yaleyale ya timbo. Tuna mafundi wa mawe kila kijiji, na ukuta wa matumbawe uliojengwa vizuri hudumu kuliko mti wowote. Kwa shamba lisilo na haraka, minyaa iliyopandwa kwenye mifuko ya udongo kati ya mawe itakuwa ua wa kudumu usiohitaji shimo la kina.

Mchanga

Mambrui na mashamba ya mchanga mweupe yana taabu iliyo kinyume. Keekee inaingia bila shida, lakini ukiinyanyua, mchanga unamwagika kutoka kwenye mapezi yake na kuta zinaporomoka. Shimo la inchi 9 linageuka faneli ya futi mbili.

Dawa ya kwanza ni maji. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, chimba kitundu kidogo kwenye kila alama na umwage ndoo ya lita 20. Asubuhi mchanga utakuwa umeshikana. Ukiweza kusubiri, chimba siku chache baada ya mvua kubwa ya masika, na maji hutayabeba. Dawa ya pili ni namna ya kunyanyua: keekee ikifika chini, zima PTO, isubiri isimame kabisa, ndipo uinyanyue bila kuizungusha. Mchanga utapanda nayo ukiwa umekaa kwenye mapezi. Ya tatu ni haraka: nguzo iwe imelala kando ya shimo, watu wawili wamesimama tayari mbali na mashine, na trekta likishatoka tu nguzo inaingia. Shimo la mchanga halingoji chai.

Mchanga uliokauka kabisa, wa vilimani, unaweza kukataa hata baada ya maji. Hapo tumia pipa la chuma lililokatwa vitako au kipande cha bomba pana la plastiki, ulishushe ndani ya shimo kadiri unavyochimba, lizuie kuta, kisha ulivute baada ya kujaza. Na nguzo ya mchangani iende chini zaidi. Kwa kawaida nguzo ya futi 8 huzikwa futi 2 hadi 2 na nusu. Mchangani ipe futi 3, kwa sababu pepo za kusi zinazotoka baharini huisukuma miezi mfululizo.

Mfinyanzi

Huu ndio udongo unaohitaji uangalifu mkubwa kuliko wote, kwa sababu mwanzoni unaonekana rahisi. Keekee inaingia yenyewe kama parafujo kwenye ubao. Dereva akizubaa sekunde chache imejikaza hadi kwenye giaboksi, imekwama, na trekta linavutwa chini kwa nyuma.

Chimba kwa hatua. Shusha sentimita 15, nyanyua hadi juu, acha izunguke polepole itupe udongo, shusha tena. Mkono wa mafuta uwe chini, karibu na mwendo wa injini isiyo na mzigo. Usimwage maji hapa, maana utakachopata ni gundi. Wakati mzuri wa mfinyanzi ni kati ya tope la masika na nyufa za kiangazi, yaani mara nyingi ni Julai na Agosti, udongo ukiwa unafinyangika mkononi lakini hauachi uchafu kwenye kiganja. Shimo likiisha utaona kuta zake zimelainika na kung'aa kama chungu. Zikwaruze kwa mtaimbo ili udongo wa kujazia ushikane nazo na maji yapate kupenya, na utie konzi mbili za kokoto chini kabla ya nguzo kukaa.

Ikikwama, na siku moja itakwama, usiing'oe kwa haidroliki. Mikono itapinda au giaboksi litapasuka. Zima PTO, zima injini, toa ufunguo ukae mfukoni mwa dereva. Chukua spana kubwa ya bomba, uishike keekee kwenye mhimili wake, uizungushe kwa mkono kinyume na ilivyoingia. Mizunguko miwili mitatu itailegeza. Kisha rudisha spana kwenye sanduku, hesabu watu wote wameshatoka karibu, ndipo injini iwashwe na keekee inyanyuliwe taratibu. Spana iliyosahauliwa kwenye mhimili, injini ikiwashwa, ni kombora.

Kuhusu udongo mwekundu wa Magarini na changarawe za Ganze sina mengi. Chimba baada ya mvua, mwendo uwe mdogo, beba meno ya akiba kwa sababu changarawe huyala upesi, na mizizi ya mikorosho na miembe ikate kwa shoka mashine ikiwa imezimwa. Mzizi mnene huirusha keekee pembeni ghafla, na anayesimama upande huo ndiye atakayeipokea.

Leso, kikoi na bolti ndefu

Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Shafti ya PTO kwenye mwendo wake kamili huzunguka mara 540 kwa dakika. Ndiyo kusema mara 9 kila sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita 7 hukunja nguo ya sentimita 22 kwa kila mzunguko, yaani karibu mita 2 kwa sekunde. Leso ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Ncha ya leso ikishikwa, yote imekwisha kukunjwa, na aliyeivaa amefika kwenye chuma, kabla dereva hajageuza shingo. Hakuna mkono utakaowahi. Kikoi, shuka, kanzu, buibui, ncha ya kilemba na hata kamba ya kofia ni vivyo hivyo. Anayefanya kazi karibu na keekee avae suruali isiyopwaya na shati lililochomekwa, na nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia.

Kifuniko cha plastiki kinachoizunguka shafti si pambo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mashine kuziba sehemu zake zinazozunguka. Trekta likifika kwako shafti ikiwa uchi, una haki ya kulirudisha, na ulirudishe.

Kati ya giaboksi na keekee, au kwenye shafti yenyewe, kuna bolti moja iliyowekwa makusudi iwe dhaifu. Keekee ikigonga jiwe au mzizi, bolti hiyo hukatika na kuokoa giaboksi. Ikikatika mara tatu nne mfululizo, watu huchoka, wakatafuta bolti ngumu ya gari au kipande cha nondo. Kisha jiwe linalofuata linavunja giaboksi lenye bei ya mbuzi wengi. Hilo ni la fedha. La uhai ni urefu: bolti ndefu iliyotokeza inchi mbili nje ya shafti ni ndoano, na majeruhi wengi wa shafti hizi duniani walianza kunaswa na kitu kidogo kama hicho. Tumia bolti ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, yenye urefu unaotosha tu, na mwombe dereva aje na akiba ya kumi au zaidi.

Na usimruhusu mtu yeyote kukalia au kusimama juu ya boriti ya keekee ili aongeze uzito. Kwa kuwa mashine haisukumi, hili ndilo wazo la kwanza linalomjia kila mtu ardhi ikikataa, na huwa ni utingo kijana ndiye anayeambiwa apande. Miguu yake iko shubiri chache kutoka kwenye shafti. Keekee ikiruka, yeye anaanguka kwenye chuma kinachozunguka. Kama uzito unahitajika kweli, uwe chuma kilichofungwa na fundi kwa namna aliyoielekeza mtengenezaji. Mwili wa mtu si uzito. Wala mtu asishike keekee kuielekeza kwenye alama wakati inazunguka. Ielekeze ikiwa imesimama, PTO imezimwa, uiache ikae kwenye alama, uondoke hatua kumi, ndipo dereva aiwashe. Na dereva abaki kitini, breki ya mkono imefungwa, gia huru.

Trekta likiingia kijijini watoto hukusanyika. Mpe mtu mzima mmoja kazi ya kuwalinda, asiwe na kazi nyingine yoyote. Na ajali ikitokea, jambo la kwanza ni kuzima injini, si kumvuta mtu. Kisha bana jeraha kwa kitambaa safi, piga 999 au 112, na uanze safari ya hospitali.

Kilicho chini na kilicho juu

Kabla ya trekta kuja, uliza ni nini kimezikwa. Kandokando ya barabara ya Mombasa na Malindi kuna mabomba ya maji na nyaya za intaneti. Bomba kubwa linatoa maji Baricho kando ya Sabaki na kuyapeleka Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Shamba lako likipakana na barabara au njia ya bomba, nenda kwanza ofisi ya kampuni ya maji ya eneo lako, waje wakuonyeshe. Tazama na juu pia: boriti ya keekee ikinyanyuliwa inaweza kufikia waya wa umeme ulioteremka. Jiwe la mpaka, bikoni, usiling'oe wala kulisogeza hata likiwa limekaa palepale unapotaka nguzo ya pembe. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inalilinda. Nguzo iweke upande wako.

Kuna na vitu ambavyo havimo kwenye ramani ya ofisi yoyote. Waulize wazee mahali pa makaburi na koma. Mgiriama akikuonyesha kigango, yaani nguzo ya mbao ya ukumbusho, shambani, ujue kimesimikwa kwa ajili ya marehemu wa chama cha Gohu, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi vimerudi baada ya miaka mingi: mwaka 2019 makumbusho ya Denver, Marekani, yalirudisha vigango 30. Mstari wa ua upinde, kigango kibaki. Vilevile pwani hii yote imejaa miji iliyokufa. Gede, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ni mmoja tu, na ipo mingine midogo isiyo na ua wala kibao. Keekee ikitoa vigae vya kauri, shanga au chokaa ya ukuta, simamisha kazi, acha vitu vilipo, uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya mwaka 2006 inakutaka ufanye hivyo.

Mapatano na dereva

Ugomvi mwingi baina ya mwenye shamba na mwenye trekta huzaliwa na swali moja: shimo lililogonga mwamba linalipwa? Liamueni kabla injini haijawashwa. Ukilipa kwa shimo, dereva atashawishika kulazimisha, na hiyo ni hatari kwake na kwa mashine. Ukilipa kwa saa, ardhi ngumu inakula fedha zako. Mimi napendelea hivi kwa ardhi ya matumbawe: bei ya shimo lililokamilika, bei ndogo ya shimo lililojaribiwa likashindwa, na kanuni kwamba hakuna shimo linalojaribiwa zaidi ya dakika tatu. Nani analipa bolti zilizokatika? Kwa haki ni mwenye trekta, lakini kama ulimficha kuhusu mwamba, ni wewe. Mwonyeshe vitambaa vyako vyekundu mapema.

Kagua pia upana wa keekee anayokuja nayo. Shimo la inchi 9 lenye kina cha sentimita 75 hutoa udongo wa lita 31. La inchi 12 hutoa lita 55. Kwa nguzo ya mvinje ya inchi 4 au 5 inayoshindiliwa udongo, inchi 9 zinatosha, na kila inchi ya ziada ni kazi ya bure na udongo wa kurudisha. Inchi 12 ziache kwa nguzo za pembe zitakazomwagiwa zege.

Jambo moja la ufundi ambalo madereva wapya hulisahau: boriti hushuka kwa tao, si kwa mstari. Keekee ikiwa wima juu ya ardhi, itakuwa imeinama ikifika chini. Trekta lipangwe ili keekee iwe wima ikiwa nusu ya kina, na kwenye mteremko dereva ashuke aitazame kwa pande mbili, mashine ikiwa imezimwa, kabla ya kuanza.

Baada ya trekta kuondoka

Mashimo yasilale wazi. Mbuzi atavunjika mguu, na mtoto wa miaka miwili anaingia mzima kwenye shimo la inchi 12. Usiyafunike kwa makuti, maana huo ni mtego. Tumia mabati au mbao zilizowekewa mawe juu, au chimba mashimo unayoweza kuyajaza siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha usiku, toa tope lililoingia kabla ya kusimika.

Shindilia udongo kwa tabaka za shubiri moja, kila moja ipigwe kwa mchi au kitako cha mtaimbo hadi isidunde, na juu ya ardhi uache kichuguu kidogo cha kumwaga maji. Nguzo ya mti ambayo haikutiwa dawa, mchwa wataipata. Kwa zege usitumie mchanga wa ufuoni: chumvi yake hula nondo kutoka ndani, na nguzo hupasuka ikiwa bado inaonekana mpya. Karibu na bahari, nunua seng'enge yenye zinki nene hata kama bei inauma, kwa sababu upepo wa chumvi hauchagui.

Seng'enge isivutwe hadi zege ya nguzo za pembe itimize siku saba, ikimwagiwa maji asubuhi na jioni. Nguzo za katikati zilizoshindiliwa vizuri kwenye udongo mwekundu zinaweza kutundikiwa waya kesho yake. Za mchangani zingoje mvua moja, uzishindilie tena, ndipo uvute.